Maji ya Leta au maji ya kampuni? Ulinganisho kwa avenyu inayotafuta robine Goma

Upande wa Ndosho, Mugunga na mitaa ya juu ya Majengo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mkutano wa avenyu, yaani wa wakazi wa barabara moja, siku hizi hauishi bila mtu kuuliza: tungoje bomba la Regideso, kampuni ya maji ya Leta, yaani serikali, au tuikubalie kampuni binafsi iingie? Mmoja atasema maji ni haki, na kweli Katiba yetu, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Mwingine atamjibu kwamba haki hiyo ameinunua bidoni kwa bidoni tangu utotoni, basi afadhali ajue anamlipa nani. Wote wana hoja. Shida ni kwamba wanabishana kama vile yako mambo mawili tu ya kuchagua, na hayako mawili.

Bomba kuwa mali ya nani ni swali moja. Nani anawasha pampu asubuhi, anasoma mita na kukusanya pesa ni swali jingine. Regideso, iliyoanzishwa mwaka 1939 enzi za Wabelgiji, ni kampuni ya kibiashara kisheria tangu mageuzi ya 2009, ila mwenye hisa ni Leta peke yake. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ikaja kuondoa ukiritimba wake na kufungua mlango kwa waendeshaji wengine, wa binafsi na wa jumuiya. Maji yenyewe yamebaki ya umma: hakuna kampuni inayoweza kununua Ziwa Kivu. Kinachouzwa ni kazi ya kuyavuta, kuyasafisha na kuyafikisha.

Kwa hiyo mbele yetu ziko njia tatu. Ya kwanza ni maji ya Leta, ambapo Regideso inamiliki bomba na kuliendesha yenyewe. Ya pili ni maji ya kampuni, ambapo mwekezaji anatandika bomba kwa pesa yake, kwa kibali, kisha anauza. Ya tatu iko katikati: bomba ni la umma, lakini anayeliendesha ni mwingine kwa mkataba, iwe kampuni au chama cha watumiaji, kile kinachoitwa ASUREP, ambacho kilishika mizizi katika vitongoji vya Kinshasa na Mbuji-Mayi kwa msaada wa Ubelgiji.

Nitazipima njia hizo kwa mambo sita: bei, maji kufika, usafi, pesa ya kutengeneza na kupanua, mlango wa kubisha mambo yakiharibika, na siku ya balaa. La sita katika miji mingine lingekuwa tanbihi. Goma haliwezi kuwa tanbihi.

Bei

Kaa nusu saa karibu na robine (koki) ya kuuzia maji, utaielewa bei kuliko ukisoma tarifu. Bidoni za njano zimepanga mlolongo, nyingine zimefungwa kamba pamoja ili mtu asije akachomeka yake katikati. Mama muuzaji amekaa kwenye kibao, ufunguo wa robine unaning'inia shingoni, mita iko ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Kila bidoni ikijaa anapokea noti. Iliyochanika sana anairudisha. Mwisho wa mwezi anakuja msoma mita, anaandika mita za ujazo zilizopita, na kinachobaki kati ya mauzo na fakture (bili) ndiyo riziki ya mama. Tone linalomwagika nje ya mdomo wa bidoni limeshahesabiwa na mita, kwa hiyo ni la kwake. Ndiyo maana anamkaripia mtoto anayejaza mpaka yafurike.

Sasa fanya hesabu. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Tuseme bidoni ni franka 100 kwenye robine: mita ya ujazo inakuwa franka 5,000. Bidoni hiyohiyo ikipandishwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi mlangoni kwako ikafika franka 500, mita ya ujazo imekuwa 25,000. Familia ya watu saba, kila mmoja lita 20 kwa siku, inakula bidoni saba kila siku na 210 kwa mwezi. Kwenye robine ni franka 21,000. Mlangoni ni 105,000. Badilisha namba uweke za mtaa wako, utaona jambo lilelile: kinachommaliza maskini ni umbali kuliko tarifu.

Maji ya Leta yana faida hapa. Tarifu yake hupangwa na serikali na ina ngazi. Anayetumia kidogo nyumbani hulipa bei ya chini kwa mita ya ujazo kuliko hoteli au kiwanda. Ila bei hiyo anaionja mwenye mita ndani ya parseli (kiwanja) yake. Asiye na bomba ananunua kwa jirani au kwa chukudu, na huko tarifu ya Leta haina nguvu yoyote.

Maji ya kampuni lazima yarudishe gharama zote: bomba, umeme, klori, mishahara, mkopo wa benki, na faida juu. Kwa mita ya ujazo, mara nyingi yatakuwa ghali kuliko tarifu ya nyumbani ya Leta. Lakini mtu wa Mugunga akilinganisha bei ya kampuni na anacholipa papa wa Himbi mwenye robine jikoni, anajidanganya. Alinganishe na anachomlipa kijana wa chukudu.

Katika njia ya katikati, bei inaandikwa ndani ya mkataba, au ikiwa ni ASUREP, mkutano mkuu wa wanachama ndio unaipanga. Hapo kuna uwazi, na pia mtego: wanachama hupenda bei ndogo leo, halafu pampu ikifa hakuna pesa sandukuni.

Maji kufika

Lubumbashi mtu akichoka na ukame wa robine anachimba kisima uani. Bukavu wana mto Murhundu. Goma, ukipiga sururu unakutana na jiwe la lava, na hatuna mto unaopita mjini. Maji yetu yako ziwani, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kuelekea volkano ya Nyiragongo. Kila lita lazima isukumwe juu, na kinachosukuma ni umeme.

Hili linabadilisha mjadala wote. Kabla ya kuuliza bomba ni la nani, uliza pampu inakula umeme wa nani. Regideso imetegemea SNEL, kampuni ya umeme ya Leta, kwa miaka mingi, na laini ya SNEL kutoka mto Ruzizi inapita Bukavu ndipo ifike kwetu. Njia ni ndefu. Kwa upande wa umeme, Goma tumekwisha kuonja kampuni binafsi: Virunga Energies wana kituo cha Matebe tangu mwisho wa 2015, na Nuru walifungua mtambo wao wa jua huku Ndosho mwaka 2020. Wengi wetu tumejifunza kununua uniti kabla ya kuwasha taa. Ni somo zuri kwa maji, ila lichukuliwe kwa tahadhari. Ukikosa umeme unawasha mshumaa. Ukikosa maji unakwenda Kituku kuchota ziwani.

Leta ina wajibu wa kufikia kila kartiye (mtaa), lakini pampu ikikosa umeme au shinikizo likishuka, mitaa ya juu ndiyo ya kwanza kukauka na ya mwisho kurudishiwa. Kampuni, kwa kuwa bila maji haina mauzo, ina haraka ya kurudisha huduma na mara nyingi huwa na jenereta au paneli zake. Kinyume chake, itaanza na mitaa yenye wanunuzi wengi na mwinuko mdogo. Mwendeshaji wa mkataba anaweza kulazimishwa kwa maandishi: masaa mangapi kwa siku, robine ngapi Ndosho, lini. Mkataba usipotaja mtaa wako, usidhani umo.

Usafi

Hapa tofauti ya mwenye mali ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Klori ni ileile na kipimo ni kilekile: maji yakifika kwenye robine yabaki na klori kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Tofauti iko kwa nani anapima, na kama anabandika matokeo.

Kipindupindu ni mkazi wa zamani wa mji huu. Waliokuwapo Julai 1994, kilipoua maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, hawahitaji kuelezwa. Ndiyo maana ufukweni utaona wale vijana wenye siringi na ndoo ya klori, wanadunga kiasi fulani kwenye kila bidoni inayotoka ziwani, na kumwambia mama asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hawauzi wala hawamiliki chochote, na kila mlipuko wanaokoa watu. Kwa wanaosema "sisi tutategemea mvua": maji ya mvua yanayopita kwenye moshi wa Nyiragongo hubeba floridi nyingi, na meno yenye madoa ya kahawia upande wa Rusayo yanaonyesha hilo. Mvua ifae kufulia.

Leta inayo maabara na wataalamu wa miaka mingi. Kampuni inalinda jina lake, lakini bila mkaguzi wa nje inajipima yenyewe. Chama cha watumiaji ndicho chenye udhaifu mkubwa hapa. Fundi mmoja akisafiri, klori inawekwa kwa kukisia.

Pesa ya kutengeneza na kupanua

Donda la zamani la maji ya Leta linajulikana: ofisi za Leta, kambi na taasisi zinatumia maji, fakture zao zinakawia kulipwa au hazilipwi. Mwananchi mwenye mita analipa, lakini shimo linabaki, na bomba linalovuja linangoja mfadhili. Kwa upande mwingine, kazi kubwa kama tangi la maelfu ya mita za ujazo au bomba la kilomita nyingi juu ya lava hazijawahi kulipwa na bidoni za mtaa mmoja. Zinataka ruzuku, na ruzuku hupita kirahisi zaidi kwa mali ya umma.

Mtaji binafsi huja haraka ukija. Lakini mtaji haupendi hatari, na Goma hatari ni mbili, volkano na bunduki. Mwekezaji akikubali, ataiweka hatari hiyo ndani ya bei. Na si lazima bomba lipone kwa kuwa ni la binafsi: Uingereza na Wales waliuza mashirika ya maji mwaka 1989, uwekezaji ukapanda, lakini baadhi ya makampuni yakajibebesha madeni makubwa huku yakigawa faida, na Thames Water ya London ikafika ukingoni mwa kufilisika. Wales wenyewe tangu 2001 maji yao yako chini ya kampuni isiyogawa faida. Uganda ni mfano wa upande wa pili. NWSC, shirika lao la maji la mijini, imebaki ya serikali, lakini kwa mageuzi yaliyoanza 1998 iliingiza mikataba ya utendaji ndani ya shirika lenyewe, meneja wa mji akipimwa kwa maji yanayopotea na fakture zinazolipwa, na shirika lililokuwa likidaiwa likasimama. Kwa hiyo anayesema "cha Leta hakiwezi" amesahau majirani.

Senegali walichagua katikati mwaka 1996: shirika la serikali, SONES, lilibaki na mali na kazi ya kuwekeza, kampuni ya SDE ikapewa uendeshaji, na mwaka 2020 Sen'Eau ikachukua nafasi yake. Mfumo umedumu zaidi ya robo karne, na bado watu wa Dakar wanalalamika juu ya maji. Mkataba mzuri hauondoi malalamiko. Unaonyesha tu lalamiko lipelekwe wapi.

Mlango wa kubisha

Maji yakikauka wiki mbili, unakwenda wapi? Kwa Leta, kuna ofisi mjini, kuna meya, gavana, mbunge; milango ni mingi na kila mmoja unakuelekeza kwa mwingine. Kwa kampuni, mlango ni mmoja na mara nyingi una namba ya simu inayopokelewa. Lakini kampuni ikisema hapana, unahitaji mtu juu yake mwenye meno, na huyo ndiye anayekosekana.

Watu wa Dar es Salaam wanaweza kusimulia. Kampuni binafsi ya City Water ilipewa uendeshaji mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 serikali ikauvunja, ikisema ahadi hazikutimizwa, na kesi ikafika hadi mahakama za usuluhishi za kimataifa. Paris nayo, mji usio na shida ya wanasheria, ilingoja mikataba yake imalizike, ikarudisha maji mikononi mwa mji mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapunguza bei kwa asilimia 8. Wapenzi wa umma hupenda kutaja mfano huo. Wakumbuke kutaja pia kwamba Paris ilikuwa na mabomba mazuri na watu wanaolipa.

Kwetu swali limeongezeka uzito. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji umekuwa mikononi mwa kundi la waasi la AFC/M23. Avenyu ikisaini leo na mwendeshaji yeyote, iangalie vizuri saini ya mamlaka iliyo chini ya karatasi, na iulize nini kitatokea kwa mkataba mamlaka ikibadilika. Katika hali kama hii, makubaliano madogo ya kartiye, yenye kamati inayojulikana na hesabu zinazosomwa mbele ya watu, yanaweza kuishi kuliko mkataba mkubwa wenye mihuri mitano.

Siku ya balaa

Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Mei 22, 2021 ikaja tena upande wa Buhene, ikaharibu mabomba na tangi kubwa, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi. Bomba la muda lilitandazwa juu ya lava ambayo bado ilikuwa na joto. Kazi hiyo ilifanywa na Regideso pamoja na CICR (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu) na mashirika mengine, na hakuna aliyeuliza faida iko wapi. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, laini za umeme zilikatika, pampu zikanyamaza, na mji mzima ukashuka ziwani na bidoni mkononi.

Siku kama hizo maji ya Leta yana uwezo ambao kampuni haina: yanavuta msaada. Wafadhili wakubwa wanajua kuandikiana na shirika la umma. Kampuni ndogo iliyopoteza tangi inaweza kufunga na kuondoka, na haitakuwa imevunja sheria. Lakini mtandao mmoja mkubwa ukikatika unakatika kwa wote, wakati mitandao midogo kadhaa, yenye pampu na paneli zake, haifi yote kwa siku moja. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kukaribisha waendeshaji wengi Goma, na ajabu ni kwamba wao wenyewe huitumia mara chache. Wanapenda kuzungumza juu ya ubora wa huduma.

Nani afuate njia gani

Kama bomba la Regideso linapita barabarani kwenu na tatizo ni shinikizo au masaa, usikimbilie kampuni mpya. Kusanyeni mitaa miwili au mitatu, andikeni barua moja, mkiorodhesha siku maji yalipotoka na yalipokosa. Orodha hiyo inasukuma kuliko kelele. Hata ikishindikana, itakuwa ushahidi wenu mbele ya mwendeshaji mwingine.

Kama mko juu na bomba la karibu liko mbali, na pesa zenu zinaishia kwenye chukudu, mtandao mdogo wa binafsi unaweza kuwashushia gharama hata kama tarifu yake ni ya juu. Sharti: robine za kuuzia ziwe karibu, bei ya bidoni iandikwe ubaoni, na isipande bila taarifa kwa kamati.

Kama kartiye ina kamati imara, yenye mama wanaojua kutunza likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) miaka yote bila ugomvi, chama cha watumiaji kinafaa sana. Kisiwe na fundi mmoja tu. Na sehemu ya kila bidoni iende kwenye akiba ya pampu tangu siku ya kwanza, msingoje ivunjike. Kama kamati yenu haijawahi kumaliza mwaka bila kugawanyika, muwe wakweli: mpeni mwendeshaji mwingine, mbaki wasimamizi.

Mpangaji asiye na parseli yake asihangaike na mita ya nyumbani, ambayo itabaki kwa mwenye nyumba. Faida yake iko kwenye robine ya mtaa, ya yeyote yule.

Mwenye hoteli, saluni au kiwanda kidogo cha juisi anahitaji uhakika kuliko bei. Kwake mchanganyiko ni busara: mita ya Leta, tangi la kutosha siku tatu, na mkataba wa pili na kampuni.

Hospitali, shule na kambi za waliohama ni jambo jingine kabisa. Hapo maji hayawezi kufungwa kwa sababu ya fakture, kwa hiyo yeyote atakayeendesha, anayelipa ajulikane kabla ya bomba kuunganishwa.

Na mkikaa kusaini na mwendeshaji yeyote, ulizeni haya kabla ya kalamu: pampu inatumia umeme wa nani na ukikatika kuna nini, nani anapima klori, mara ngapi, na matokeo yanabandikwa wapi, bei inabadilishwa na nani, na akiondoka, mabomba yaliyo chini ya avenyu yenu yanabaki ya nani. Swali hili la mwisho likijibiwa kwa "tutaona", ahirisheni mkutano.